Thelathini na Nne kwa Siku Sitini na Moja

Chumbani kwangu, 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na kuku wake wasiohesabika. Mimi sijambo. Mama anawasalimu, mguu wake umepoa, sasa anapanda ngazi bila kumtukana fundi aliyezijenga. Ameniambia simu yako imekufa tena na hutaki nyingine, eti simu haiachi kumbukumbu. Haya, nimekutafutia karatasi. Ni wewe tu duniani ninayekununulia stempu.

Kazi nimeanza, na nimeshtuka. Nilidhani mafunzo ya kazi katika ofisi ya kuhifadhi maji ni kuvaa buti, kupanda miti kwenye vyanzo na kuwafukuza wanaolima kingoni mwa mto. Siku ya kwanza nikaingia chooni kunawa mikono, nikakuta bomba la ofisi linavuja, chini yake ndoo, na ukutani tangazo limeandikwa KILA TONE NI UHAI. Nikamuuliza mzee wa stoo litatengenezwa lini. Akasema ndoo ile aliikuta hapo hapo alipoajiriwa.

Wanafunzi tuko wawili, mimi na kijana mmoja tunayemwita Msomi kwa sababu hata chai anainywa kalamu ikiwa sikioni. Tumewekwa stoo na madaftari ya wasoma mito wa zamani, wale waliokuwa wakiandika kina cha maji kila siku. Kazi yetu ni kuyaingiza kwenye kompyuta, namba kwa namba, mpaka macho yanawasha. Injinia wetu, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti, ametueleza sababu. Inajengwa pampu mpya ya kuchota maji ya mji, na namba hizi ndizo zitakazosema ichote kiasi gani wakati wa kiangazi bila kuua mto. Mwezi wa kumi kuna nafasi moja ya ajira. Sisi wawili, nafasi moja.

Sasa shika kiti. Jana nimefungua boksi la nne, na daftari la juu lina mwandiko wako, herufi zote zimelala kama zimechoka. Ni kituo chetu, mto wetu, chini ya daraja la miguu. Na pampu yenyewe itajengwa hapo juu kidogo ya daraja! Nililia mbele ya Msomi, naye akaniuliza kwa kunong'ona kama nina msiba. Miaka miwili niliyokaa kwako nikiona daftari hilo mapajani mwako, sikujua litakuja kunitafutia kazi.

Mkaza mjomba mwambie nimekonda, lakini si sana.

Mpwa wako,
Kiherehere


29 Machi, saa moja asubuhi. Mawingu mepesi, upepo hakuna.

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako imefika kwenye sanduku la shule ikiwa imelowa pembe moja. Kwa mtu wa idara ya maji hiyo ni heshima.

Sisi wazima. Mkaza mjomba wako ameezeka upya banda la kuku, na mimi naendelea kulala kwenye nyumba inayovuja. Binamu yako Kifaru amefanya mtihani wa udereva mara ya tatu, ameangusha nguzo ya tatu. Mtahini amemshauri ajaribu ushonaji.

Nimefurahi kuhusu kazi. Usidharau stoo. Mimi nilianza kwa kubeba ngazi ya mtu mwingine miezi minane kabla ya kupewa ubao wangu wa kusoma kina cha maji. Fika mapema, andika kwa wino, usifute. Ukikosea piga mstari mmoja, andika pembeni. Na lile nililokuwa nakwambia ulipokuwa mdogo, msoma mto harudi bila namba. Mvua inyeshe, nyoka awe njiani, lazima urudi na namba.

Kuhusu yale madaftari yangu, nashangaa hayajaliwa na panya. Ni ya zamani mno. Kama Injinia wako ni mtu wa akili angetumia namba mpya za mashine. Ungemshauri. Yaache ya zamani yapumzike.

Mvua za mwaka huu ni za kubabaisha.

Mjomba wako


Chumbani kwangu, 2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Salamu nyingi kwa mkaza mjomba. Mwambie Kifaru hata mimi nilikuwa mwoga wa baiskeli. Mama ameanza kuuza maandazi mlangoni, anakula mwenyewe nusu na kulalamika biashara ni ngumu. Mwenye nyumba wangu amefunga geti la nyuma, sasa nazunguka mtaa mzima kwenda kazini. Hayo ndiyo ya huku.

Mjomba, sijui nianzie wapi. Nimeiandika barua hii mara nne na kuichana.

Ushauri wako kuhusu mashine nilimfikishia Injinia. Akaniambia mashine zimewekwa kwenye mito mikubwa tu. Mto wetu haujapata msomaji tangu ulipostaafu, ubao umesimama peke yake. Madaftari yako ndiyo yote tuliyo nayo.

Basi nikaendelea kuingiza. Nimefika kwenye kiangazi kile kikali, cha mwaka wa pili nilipokuwa kwako, nilipokuwa na miaka kumi. Tarehe saba ya mwezi wa nane umeandika sentimita thelathini na nne. Tarehe nane, thelathini na nne. Tisa, thelathini na nne. Nikadhani kompyuta imekwama. Nikarudi kwenye daftari, nikafuata kwa kidole. Asubuhi thelathini na nne, jioni thelathini na nne, siku sitini na moja, mpaka mvua zilipoanza.

Mto gani huo, Mjomba? Hata maji ya kwenye beseni hupungua ukiyaacha siku sitini na moja. Nilitoa daftari la kituo cha juu, la msomaji mwingine, miezi hiyo hiyo. Maji yake yanashuka kila wiki, yanashuka, mpaka anaandika ukurasa mzima kwamba ng'ombe wanavuka bila kulowa kwato. Na wewe, chini yake, umeandika thelathini na nne.

Nilifunga daftari, nikaenda kusimama karibu na ile ndoo chooni mpaka Msomi akaja kugonga.

Naomba unisamehe kwa ninachouliza, nawe ndiye uliyenifundisha kusoma saa. Ulikuwa unaandika ukiwa nyumbani? Nakumbuka tukitoka pamoja kila asubuhi, mimi nikiruka mbele, wewe ukija nyuma na daftari. Nakumbuka kabisa. Sasa namba hizi zilitoka wapi?

Sijamwambia mtu. Lakini ukichukua namba zako, mto unaonekana una maji ya kutosha hata kiangazi kikali, na pampu itaruhusiwa kuyachota. Wewe unakaa chini ya pampu hiyo, Mjomba. Wewe, mkaza mjomba, na nyumba zote za bondeni. Mkutano wa kuamua ni mwezi wa tisa. Nijibu haraka.

Kiherehere


11 Juni, saa mbili asubuhi. Jua.

Marahaba.

Barua yako niliipata siku nyingi. Nilikuwa na kazi ya paa.

Sisi wazima. Kuku wawili wamekufa. Kifaru anashona.

Yaliyoandikwa yameandikwa. Nilifanya kazi ile miaka ishirini na sita, sikuwahi kuitwa ofisini kuulizwa. Leo naulizwa na mtoto niliyemkogesha. Wewe umepewa kazi ya kuingiza namba, ingiza namba. Sina la kuongeza.

Mjomba wako

Mwanangu, mimi mkaza mjomba wako naongeza hapa chini kwa penseli kabla hajaifunga bahasha. Ameenda kutafuta gundi. Mjomba wako hakulala siku tatu tangu barua yako ije. Muulize habari ya macho yake mwaka ule. Mimi nimenyamaza miaka kumi na mitatu na nimechoka. Na wewe mwenyewe, kaa chini ukumbuke vizuri ni nani aliyekuwa akishuka mpaka majini.


Chumbani kwangu, 30 Juni

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo.

Mama ni mzima. Leo sina habari nyingine za nyumbani, nisameheni.

Maneno ya penseli niliyasoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikakaa chini sakafuni hapo hapo. Bado sikuamini. Nilijiambia mkaza mjomba anakutetea tu, kama mke yeyote. Kisha wiki iliyopita tukapelekwa mto mwingine kujifunza kusoma ubao. Nikauona, mbao zile zile nyeupe zenye namba nyeusi, zimefungwa kwenye nguzo ya zege majini. Maji yalikuwa yameshuka, na juu yake kwenye ubao yameacha mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa rula. Msomi akasoma namba ya kwenye tope. Injinia akacheka, akasema kila mwanafunzi hufanya kosa hilo siku ya kwanza.

Mjomba, kidole changu kilienda chenyewe kwenye tope. Mkono wangu ulijua kabla yangu. Niliukumbuka ule mstari.

Ulikuwa ukikaa kwenye jiwe juu ya njia, daftari kwenye goti. Ulisema magoti yanauma. Mimi nakimbia chini, naangalia, narudi na namba nimeishika mdomoni nisiidondoshe, nakwambia, unaandika. Nilidhani unanifundisha. Nilidhani nikishaenda shule unashuka mwenyewe kuhakikisha, kwa sababu ni mtu gani mzima anayeandika kitu cha serikali kwa neno la mtoto wa miaka kumi?

Na nakumbuka siku ile maji yaliposhuka chini ya ubao wote. Nilirudi nikakwambia, Mjomba, maji hayajagusa namba yoyote. Ukasema, "Ubao haukosi namba. Rudi uangalie vizuri." Nikarudi. Ubao ulikuwa mkavu mpaka mguuni. Mstari uliokuwepo ni wa tope peke yake, nao ulikuwa kwenye thelathini na nne. Nikakuletea. Ukasema hiyo ndiyo namba. Kesho yake sikuhangaika hata kufika chini, Mjomba. Nilikwenda mpaka kwenye kona ya majani marefu, nikaona ubao kwa mbali, nikarudi. Niliona mto umebaki madimbwi. Niliona, na nilileta thelathini na nne siku sitini na moja, kwa sababu nikikuletea namba hiyo ulikuwa hunirudishi.

Nimekuita mwongo, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Naona haya mpaka usoni panauma.

Sasa niambie wewe. Ulikuwa huoni?

Kiherehere


14 Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi. Jua bado.

Marahaba, mwanangu.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Hatujasemeshana wiki nzima kwa sababu ya penseli yake, lakini jana amenipakulia nyama kubwa, kwa hiyo nadhani nimesamehewa mimi, ingawa mkosaji ni yeye.

Nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lilianza kama moshi. Mwaka wa kwanza ulipokuja kwetu nilikuwa bado naona ubao nikiinama sana. Mwaka wa pili nilikuwa naona mwanga na kivuli, na ukurasa nikiubandika puani. Msoma mto asiyeona anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio changu kimechelewa miaka kumi na mitatu, lakini kimefika. Nilipasuliwa baada ya wewe kurudi kwa mama yako, nikavaa miwani hii minene, nikashuka tena mtoni mwenyewe. Nikajiambia limepita.

Hujaniuliza jambo moja, na ningeweza kulimeza. Umeuliza kama nilikuwa huoni. Hukuuliza kama nilikuwa sisikii.

Nilikaa juu ya ule mto miaka mingi. Ukiwa kwenye themanini unanguruma. Ukiwa kwenye hamsini unaongea. Kwenye thelathini na nne unanong'ona pale penye mawe chini ya daraja, na kutoka kwenye jiwe langu nausikia vizuri. Mwanangu, kiangazi kile mto ulikuwa kimya. Asubuhi na jioni, kimya. Mkaza mjomba wako alikuwa anachimba mchangani kupata ndoo moja. Wewe unakuja unahema, unaniambia thelathini na nne, na mimi masikio yangu yananiambia hakuna kitu, na naandika. Ningekubishia ingenilazimu kushuka. Ningeshuka ungeniona napapasa ubao.

Kwa hiyo usijibebeshe. Mtoto alileta alichotumwa. Andika kwenye ripoti kwamba msomaji alikuwa mvivu, alilala nyumbani. Mimi nimeshastaafu, jina langu halina safari tena. La kwako ndiyo kwanza linavaa viatu. Usijitaje. Nakuomba kama mjomba, na ukitaka nakuamuru.

Mjomba wako


Chumbani kwangu, 9 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima, maandazi amehamia kukaangia uani. Kifaru mwambie nataka sketi.

Sikukutii. Kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nilikwenda kwa Injinia na daftari lako na barua zako mbili, ile ya gundi na ile ya macho. Nilimwambia kila kitu, ubao, tope, jiwe, miaka kumi. Msomi alikuwa mlangoni na faili, akasahau kutoka. Injinia alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Nilitegemea ukali. Alisema polepole tu, "Kwa hiyo hatujui mto huu ulifika wapi. Na mimi nimeshasaini."

Ndipo niliposhtuka upya, Mjomba. Hesabu za awali zilishapelekwa. Vigingi vya pampu vimeshapigwa. Walitumia jedwali nililoingiza mimi mwezi wa nne, pamoja na zile siku sitini na moja, nami nilikuwa sijamwambia mtu. Thelathini na nne yangu imeingia mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa kompyuta.

Kazi ya namba nimeondolewa. Msomi anamaliza peke yake, na kuhusu mwezi wa kumi sijauliza tena. Mimi nimepewa mabomba ya ofisi. Siku ya kwanza nilifungua lile la chooni. Lilikuwa linahitaji kipande cha mpira cha ukubwa wa sarafu. Nimekiweka, ndoo nimemrudishia mzee wa stoo, akaishika kama ameletewa maiti.

Injinia amesema jambo moja la mwisho. Mkutano ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tisa. Daftari la zamani halifai kitu, wala hadithi yetu haifai, mkutano hauli hadithi. Lakini mwaka huu mvua zilikuwa haba na kiangazi hiki kinafanana na kile. Ubao bado upo. Kama mtu aliyewahi kuajiriwa kuusoma atashuka, asubuhi na jioni, siku kumi na nne, na mwalimu wa shule akasaini pembeni, yeye Injinia ataupeleka ukurasa huo mwenyewe na kuondoa sahihi yake kwenye zile hesabu.

Najua magoti yanauma, na safari hii sidhani ni kisingizio. Najua njia ile ina mteremko. Hapa hakuna mwingine wa kumwomba. Mjomba, shuka.

Kiherehere


1 Septemba, saa moja na robo asubuhi. Jua, upepo kutoka juu ya mto.

Marahaba, mpwa wangu.

Sisi wazima. Sketi inashonwa, usitegemee pindo kunyooka.

Ukurasa wa siku kumi na nne nimeuweka ndani ya bahasha hii, na sahihi za mwalimu. Amelalamika kuamshwa mapema, lakini alikuja siku zote. Mkaza mjomba wako alitangulia na fimbo, akisema nikianguka hanibebi.

Siku ya kwanza nilipita kwenye jiwe langu bila kukaa. Nikafika kwenye kona yenye majani marefu, nikasimama pale uliposema ulikuwa unaishia. Kweli ubao unaonekana. Kisha nikaendelea mpaka chini kabisa.

Mwanangu, nilifadhaika. Nilidhani nimejiandaa, kumbe kusikia si kuona. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuona mto wangu hivyo. Nilisimama kwenye mchanga mkavu, mahali maji yalikuwa yakinifika kifuani, na viatu vyangu havikulowa. Ubao ni mkavu mpaka mguuni. Mstari wa tope upo, mwaka huu umeishia ishirini na tisa. Nimeugusa kwa kidole, umenyooka kweli. Nikamwambia mwalimu, mtoto yeyote angesoma hapa, na mzee yeyote mwenye hofu angeandika.

Mwalimu akaniuliza naandika ngapi ili aweke sahihi. Nilishika kalamu. Miaka ishirini na sita sikurudi bila namba hata siku moja.

Nimeandika kwa wino, sikufuta, asubuhi na jioni, siku zote kumi na nne. Mpelekee Injinia wako kama ilivyo. Hakuna maji. Hakuna namba.

Msoma mto,
Mjomba wako